Hadubini Isiyotaka Rangi

Namshukuru Mungu, ambaye aliijua chembe kabla hajaweka milima juu yake, na anayeona vyote bila kuhitaji kioo wala taa. Kwa rehema zake nimefika umri wa kuitwa mzee kanisani na nyumbani, na macho yangu bado yanasoma Biblia bila miwani jua likiwa limetoka vizuri. Nikiisha kumshukuru, nitasimulia habari ya binti yangu na mwalimu wake, na jinsi nilivyompoteza mmoja kwa mwingine, kama kupoteza ndilo neno.

Nina maabara ndogo sokoni Suneka, chumba kimoja chenye sinki, meza mbili na hadubini. Kabla ya hapo nilifanya kazi katika maabara ya hospitali mpaka nikastaafu. Kazi yangu yote imekuwa kutia rangi. Mtu asiyeijua kazi hii hudhani kwamba ukiweka tone la damu chini ya hadubini, vijidudu vya malaria vitajitokeza vyenyewe kukusalimia. Havijitokezi. Unaipaka damu kwenye kioo, unaikausha, unaitia rangi ya zambarau, unasubiri, unaosha, ndipo kilichojificha kinaonekana. Ukiharakisha rangi, utamwambia mgonjwa ni mzima naye anakufa. Ukiichelewesha, kila kitu kitakuwa zambarau na hutajua kipi ni kipi. Subira yangu niliipata kanisani, lakini mazoezi niliyafanyia kwenye sinki.

Binti yangu alikulia katika chumba hicho. Alikuwa akikaa kwenye stuli ndefu, miguu ikining'inia, na siku ya Sabato akina mama wa kanisa la Nyanchwa walikuwa wakimwuliza mbona vidole vyake vina rangi ya zambarau kama mtu aliyeiba matunda. Nilimfundisha kuosha vioo, kisha kuvipaka, kisha kusoma. Maabara ile ilikuwa yake tangu hapo. Hatukuwahi kuandikiana, lakini mimi nilijua na nilidhani naye anajua.

Kisha akaenda chuo kikuu pale mjini Kisii kusomea shahada ya uzamili, akampata mwalimu.

Mwalimu huyo ni mama wa kutoka upande wa ziwa, mrefu, mwenye kicheko cha karibu, Mwanglikana. Watoto wake wamekua na kutawanyika. Alipomchukua binti yangu chini ya usimamizi wake nilimshukuru Mungu, kwa kuwa nilisikia ni mwalimu mkali. Sikujua kwamba ukali ni kitu kinachoweza kupendwa.

Ilianza na maneno mawili mezani. Binti yangu aliposhuka kutoka mjini mwishoni mwa juma, kila alichosema kilianza hivyo hivyo. Mwalimu anasema kipimo kisichorudiwa si kipimo. Mwalimu anasema tusiamini rangi. Siku moja nilimwuliza kama mwalimu anasema lolote kuhusu ugali wa wimbi, maana ulikuwa unapoa.

"Anaupenda, Tata," akasema bila kuona mwiba. "Juzi nilimpikia kwake. Na yeye akapika samaki."

"Samaki gani?"

"Ngege. Wa magamba, Tata, tunaoruhusiwa kula. Nilihakikisha."

Mke wangu aliinamia bakuli la mboga za chinsaga asionekane anacheka. Binti alipotoka kunawa akaniambia, "Una wivu kama mke mwenza."

"Nauliza habari za samaki tu."

"Mke mwenza naye huanza na habari za samaki."

Niliendelea kula, kwa kuwa ningemjibu ningekuwa nimeongeza ushahidi.

Kazi aliyokuwa akiifanya ilinihusu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nina shamba dogo la chai Nyamira, nililorithi kwa baba yangu. Chai yenyewe siinywi, kwa imani yangu ya Kisabato na kwa mazoea, na kwa miaka mingi dhamiri yangu imekuwa ikilalamika kidogo kila ninapouza majani nisiyoyaingiza kinywani. Sasa binti yangu alikuja kuyachuma, majani mawili na chipukizi kama wachumaji wanavyofanya, akayachemsha, na maji yake akayachanganya na maji yaliyoyeyushiwa madini ya fedha, ile fedha ya pete. Mchanganyiko ule ulioanza ukiwa karibu hauna rangi ukageuka polepole ukawa wa rangi ya asali. Ndani yake, akaniambia, chai imezaa chembe za fedha. Ni ndogo kiasi kwamba hadubini yangu ya Suneka ingezitafuta mpaka Bwana arudi isizione. Chembe hizo huua vijidudu, na walitaka kuzipaka kwenye vyungu vya kuchujia maji ya visima.

"Lakini huwezi kuweka kwenye maji ya watu kitu usichokijua ukubwa wake," akasema. "Mwalimu anasema lazima tuzione moja moja."

Hapo ndipo habari ya mashine inaingia. Chuo kimoja cha Nairobi kilikubali kuazimisha hadubini ya aina mpya ije Kisii kwa muda mfupi, wanafunzi na walimu wapokezane zamu. Mwalimu mwenyewe alikuwa amepata kazi huko Nairobi, katika maabara ambamo mashine hiyo inakaa. Alimwambia binti yangu wazi kwamba chembe zake zikionekana zimetengana, kila moja peke yake na zote za ukubwa unaokaribiana, atamchukua waende pamoja akasomee uzamivu. Zikionekana zimeshikana mabonge, hatakuwa na kitu cha kuwaonyesha wale wa Nairobi, na nafasi itapewa mwingine. Binti yangu naye aliniambia vivyo hivyo. Ikishindikana, Tata, nitakuja Suneka.

Hakuna aliyeniuliza naombea lipi. Niliomba mapenzi ya Mungu yatimizwe, nikatumaini kwamba mapenzi yake yako Suneka.

Binti alinialika chuoni niione mashine. Iliwekwa chumba cha chini kabisa, na meza yake ilikuwa imekalishwa juu ya tyubu za gurudumu zilizojazwa upepo nusu, maana lori likipita barabarani sakafu hutetemeka, na tetemeko ambalo mimi na wewe hatulisikii kwa mashine ile ni kama kucheza ngoma juu ya meza. Niliizunguka. Sikuona mahali pa kutilia macho. Kilichoonekana kilitokea kwenye skrini.

"Mnatumia rangi gani?" nikauliza.

"Hatutii rangi, mzee," akasema mwalimu.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ukiitia chembe rangi, wakati mwingine unaishia kupima rangi. Hapa tunaipiga mwanga tu. Mwanga mwingi unarudi kutoka kwenye kioo, na mwanga kidogo sana unarudi kutoka kwenye chembe. Ile miwili ikikutana njiani, mahali pa chembe panatokea kivuli. Kivuli kikikolea, chembe ni kubwa."

"Na uchafu wa kioo?"

Alinigeukia kwa furaha ya mtu aliyeulizwa swali analolitaka. "Hapo ndipo kazi ilipo. Bila rangi, kila kitu kinaonekana, mpaka kioo chenyewe na mikwaruzo yake. Kwa hiyo kwanza tunakipiga picha kioo kikiwa kitupu. Halafu mashine inakitoa kwenye picha. Kinachobaki ni kile kinachotembea."

Binti yangu alikuwa akimsikiliza huku midomo yake ikiyafuatisha maneno bila sauti, jinsi alivyokuwa akifuatisha maneno yangu akiwa kwenye stuli. Niliangalia pembeni.

Wakaweka tone lake. Kwanza skrini ilikuwa ya kijivu kama ukungu wa asubuhi unaolala bondeni. Kisha kioo kikatolewa, na vivuli vikatokea. Havikuhitaji kuelezwa. Nimepima makundi ya damu maisha yangu yote, na najua damu inavyofanya ikikutana na dawa inayoikataa. Inajikusanya, inakuwa vibonge, vinavuta vingine.

"Zimeshikana," nikasema.

"Zimeshikana," mwalimu akakubali.

Vibonge vilisogea kwa uzito, kama ng'ombe walioshiba. Binti yangu alijaribu kichupa cha pili, na kingine, na hali ikawa ile ile. Wakaanza kuzungumza Kiingereza kwa haraka, maneno ya kazi yao, na mimi nikabaki nje ya mlango uliokuwa wazi. Binti alikuwa amekunja mikono kifuani kama anayeona baridi. Nilimwonea huruma, na chini ya huruma ile, mahali pale pale, kifua changu kilikuwa chepesi. Nilirudi Suneka nikafagia maabara, nikatoa stuli ile ndefu nikaifuta vumbi.

Zamu nyingine iliyobaki ya binti yangu iliangukia Jumamosi, siku yetu ya Sabato. Hapo nilingoja. Nilijiambia, sasa tutaona mwanamke huyu ni mtu wa namna gani. Atamwambia Mungu ataelewa, atamwambia mashine haina Sabato, na mimi nitapata neno la kusema ambalo hata mke wangu hatalicheka. Sabato ilipofika, binti yangu aliingia kanisani Nyanchwa mapema, akakaa karibu na mama yake. Baada ya ibada, tukiteremka kilima, nilimwuliza zamu yake imekwendaje.

"Mwalimu amebadilishana na mimi. Yeye amefanya yake leo, mimi nimepewa yake ya Jumatatu asubuhi. Ndiyo ya mwisho."

"Ulimwomba?"

"Sikumwomba. Alisema anajua siku yangu."

Ningependa mama yule angekuwa mbaya kidogo. Ingenirahisishia mambo.

Jumapili alikuja mwenyewe Suneka, na binti yangu kando yake kwenye gari. Alitaka kuona kila mahali chembe zile zilipopita tangu kwenye jani mpaka kwenye kioo. Walikuwa wamekagua maabara ya chuo yote wasipate kitu, na ndipo binti yangu akakumbuka kwamba vichupa vya kubebea aliviosha kwangu, kwa sababu maji yalikuwa yamekatika chuoni. Kwa kuwa mgeni alikuwepo, sisi tuliokuwa tukizungumza Ekegusii tukahamia Kiswahili, na mke wangu akamtuma binti kwenye vibanda vya soko akatafute ndizi mbivu, mgeni asiondoke bila kuonja kitu.

Mwalimu akabaki na mimi. Alisimama kwenye sinki akaangalia mahali pa kukaushia vioo, mirija iliyopinduliwa, sabuni, ndoo. Hakugusa kitu. Kisha akaona jagi.

"Na hili, mzee?"

"Maji ya chumvi. Suuzo la mwisho."

"Kwa kila chombo?"

"Kila chombo kinachotoka kwenye sinki hili. Maji matupu yakibaki ndani ya mrija, chembe za damu hunywa maji hayo zikapasuka, na kipimo chako kimeharibika. Kwa hiyo hapa hatumalizi na maji matupu. Hata huyu binti, ukimwamsha usingizini umpe kichupa, atakisuuza kwa maji ya chumvi ndipo aulize yuko wapi."

Nilisema hivyo kwa kujivuna. Nilitaka ajue kwamba mikono ile ilikuwa na mwalimu kabla yake.

Macho yake yalibaki kwenye jagi. Mimi bado sikuelewa. Alipoanza kusema alishusha sauti.

"Mzee, fedha ikikutana na chumvi inashikana."

Nilikaa kwenye stuli.

"Hata ile kidogo inayobaki kichupa kikikauka inatosha," akaendelea. "Anajua hivyo vizuri. Kwenye mtihani angeandika bila kufikiri. Lakini hapa ni mikono iliyosuuza, yeye mwenyewe alikuwa akiwaza mengine."

"Basi akirudi mwambie."

"Tafadhali umwambie wewe."

"Wewe ndiye mwalimu wake."

"Nikimwambia mimi, atasikia kwamba baba yake alimfundisha vibaya. Na hukumfundisha vibaya. Damu inataka chumvi. Fedha haiitaki." Akachukua mkoba wake. "Nitakuwa nje na mama, ananiita niangalie kitalu chake cha vitunguu."

Akatoka, akaniacha na neno lile mdomoni.

Nimelifikiria sana jambo hilo, na kila nikilifikiria naona jinsi lilivyokuwa zito. Hakuniambia, usiponena nitanena mimi. Alikwenda kuangalia vitunguu. Jumatatu ilikuwa kesho yake, zamu ya mwisho, na mashine ingepandishwa gari irudi Nairobi. Nilikuwa na maabara iliyofagiliwa na binti aliyesema, ikishindikana nitakuja. Na mtu niliyemwonea wivu kuliko wote alikuwa amenipa heshima ambayo mimi nisingempa. Hicho ndicho kilichouma. Mtu akikunyang'anya kitu unaweza kumkasirikia. Akikuachia ukitoe kwa mkono wako mwenyewe, hasira huna pa kuiweka.

Binti akaingia na ndizi.

"Mbona uko peke yako, Tata?"

"Weka ndizi hapo. Vile vichupa, suuzo la mwisho ulitumia nini?"

"Maji ya mvuke, si..." Akasimama. Aliangalia sinki, halafu jagi, halafu mikono yake mwenyewe kana kwamba ameiazima kwa mtu. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyepata ufunguo mfukoni baada ya kuvunja mlango. "Chumvi. Tata, ni chumvi. Umelionaje kosa hili?"

Angeweza kuamini kwamba ni mimi, na mwalimu asingemkanusha kamwe. Nilijua asingemkanusha.

"Mwalimu wako ndiye aliyeliona," nikasema. "Yuko kwenye vitunguu."

Akatoka mbio. Kupitia dirishani nilimwona akimkumbatia yule mama kwa nguvu, mpaka mkoba ukaanguka, na mke wangu akiokota vilivyotawanyika. Nilimenya ndizi moja nikaila nikiwa nimesimama, jambo ninalowakataza watoto.

Jumatatu nilikuwepo asubuhi na mapema, kabla malori hayajaanza kupanda. Binti alikuwa ametengeneza vichupa vipya na kuvisuuza kwa maji yaliyopitia mvuke, yasiyo na chumvi, hakuna aliyemsaidia. Akaweka tone. Ukungu ukaja, kioo kikatolewa, na nikaona kitu ambacho kwa miaka yote ya kutia rangi sikuwahi kukiona.

Zilikuwa nukta, nyingi, zimetengana, na kila moja ilikuwa hai kwa namna yake, ingawa si viumbe. Zilitetemeka, zikaruka kidogo huku, kidogo kule, hazikutulia. Binti yangu alisema ni maji yanayozisukuma pande zote, nazo kwa udogo wake haziwezi kukataa. Ndogo hutangatanga sana, kubwa husogea polepole, na mashine huifuata kila moja, na kutokana na kutangatanga kwake inaujua ukubwa wake.

"Kwa hiyo mnampima mtu kwa asivyotulia," nikasema.

"Ndiyo, mzee," mwalimu akasema. "Kwa kipimo hicho, binti yako ni mdogo sana."

Wote wawili wakacheka, na nikacheka nao. Nilimtukuza Mungu kimyakimya. Alikuwa ameyaficha haya ndani ya jani la shamba la baba yangu muda wote ule, nami nilidhani ninachuma majani. Macho yangu yalikuwa kwenye skrini, lakini niliona pia kwamba mkono wa binti yangu uko juu ya bega la mwalimu, na kwamba aliuweka hapo bila kufikiri, kama mikono inavyofanya.

Baada ya juma hilo mwalimu alikuja kwetu rasmi. Binti yangu alikuwa amemwambia hataondoka kabla baba hajatamka ruhusa. Mama yule akaja na mkate na sukari, akakaa kwenye kiti alichoonyeshwa, akasema ametumwa na moyo wake kuomba binti wa nyumba hii.

"Na ng'ombe wako wapi?" mke wangu akamwuliza.

"Wa kwetu wanaogopa kupanda milima, mama. Wamenituma mimi."

Nilimwuliza maswali ambayo baba huuliza. Atalala wapi, atasali wapi, nani atamwangalia akiugua. Alijibu yote kwa utaratibu, akaniachia nafasi ya kukataa. Nilisimama, tukaomba, nikatamka.

Sasa binti yangu yuko Nairobi. Walipofika aliniandikia kwenye simu kwamba wamefika salama, na nilifurahi mpaka mke wangu aliponiambia kwamba mwalimu alikuwa amempigia yeye mapema zaidi, kwa sababu wanawake hao wawili siku hizi wanapigiana kuhusu vitunguu. Binti yangu akizungumza nami bado husema, mwalimu anasema. Bado nasikia mwiba. Huo wivu naupeleka kwa Mungu kila asubuhi kama mtu anavyompeleka ng'ombe malishoni, na jioni unarudi wenyewe, unaijua njia. Sijaona aibu kwa hilo. Nimemshukuru Mungu kwa mwanamke yule kwa jina lake, kwa sauti, mbele ya kanisa, na nilipoketi nilikuwa bado nina wivu naye. Vyote viwili vilikuwa kweli katika kifua kimoja, na Yeye aliyekiumba kifua hakuonekana kushangaa.

Nawe unayesoma, Mungu akupe mtu wa kumpenda mwanao pale ambapo mkono wako haufiki, na akupe nguvu ya kumvumilia mtu huyo. Akutunzie macho, akubariki uingiapo na utokapo, wewe na wote wa nyumba yako. Amina.